Mgongo wa Somoe

Kila mwaka mabibo yanapoanza kuanguka, pua yangu hufika nyumbani kabla ya miguu. Siku hizi nakaa Ufukoni, hapa Mtwara mjini, nashona nguo barazani kwangu, na mabibo ninayoyaona ni ya kwenye ndoo za wauzaji tu. Lakini harufu ile haihitaji wingi. Ni utamu ulio karibu kuoza, una kitu ndani yake kinachokwaruza koo, na kwa sisi tuliokulia karibu na mdomo wa Ruvuma haiji peke yake. Huja na chumvi, na matope ya mikoko maji yanapokupwa. Kijijini kwetu mikorosho ilishuka mpaka ukingoni kabisa mwa bahari, ikasimama juu ya ukuta mrefu wa mawe ambao tuliuita Genge, bila jina jingine. Mabibo mengine yaliangukia kule chini mchangani, yakaliwa na kaa. Nikiisikia harufu hiyo namkumbuka Somoe, na nikimkumbuka Somoe naona wivu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nasimulia haya ili niombe radhi. Siombi.

Somoe ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Tulizaliwa msimu mmoja, tukalelewa ua mmoja, tukala sinia moja. Mimi nilikuwa mrefu, miguu tu, kila nguo ikiniacha magoti nje. Yeye alikuwa mdogo, mviringo, mtulivu, mtoto ambaye watu wazima humsahau chumbani wakaendelea na maongezi yao. Na alikuwa na baba. Baba yake alilima mikorosho na mihogo, na kila alfajiri kikohozi chake kilituamsha kabla ya adhana. Baba yangu alikuwa ng'ambo ya mto, Msumbiji. Alikuja kwetu akiwa kijana, akawa anavunja chaza kwenye mawe ya Genge na kuwauza, akamwoa mama, nikazaliwa, kisha akarudi kwao kutafuta kazi mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Salamu zake zilikuja mara moja moja kwa vinywa vya watu waliovuka. "Asiyekuwepo na lake halipo," mama mkubwa alizoea kusema akikuna nazi, bila kumtaja mtu, na sote tulijua anamtaja nani. Uso wa baba niliusikia kwa mama. Uso wangu yeye hakuusikia kwa mtu. Hilo ndilo lililonikaa rohoni tangu nilipopata akili: kwamba siku tukikutana njiani nitamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba kama anavyomwitikia mtoto wa watu, na atapita.

Mwaka ninaousimulia, Somoe alikuwa amechezwa. Kwetu msichana akikaribia kukua huingizwa unyagoni, hufundwa na kungwi, kisha hutolewa kwa ngoma na vigelegele, amevaa nguo mpya. Mwali anayetolewa hainui uso. Anasimama pale alipowekwa, macho chini, na hata nzi akimtua puani hamfukuzi. Somoe alisimama vizuri mno, wanawake wakamsifu mpaka masikio yangu yakachoka. Mimi sikuchezwa pamoja naye, ingawa tulikuwa rika moja. Mama alishikilia kwamba nguo yangu ya kutolewa itoke kwa baba, asije mtu akasema mtoto huyu ana upande mmoja. Akatuma neno ng'ambo, nasi tukakaa kungoja. Somoe alirudi ndani ya ua akinukia mafuta ya nazi, na akawa na mambo ambayo hawezi kuniambia. Nikimuuliza, anatabasamu na kutazama chini. Ningempiga kofi, kama si kwamba tulilala mkeka mmoja na ningehitaji shuka.

Basi msimu wa mabibo ukaingia, na pamoja nao akaingia Dada Mawe. Tuliambiwa jina lake la kweli tukalipoteza siku ileile. Alikuwa mtu wa bara, msomi wa mambo ya miamba, mwanamke mwenye suruali na viatu vizito, akapewa chumba kwa mwenyekiti wa kijiji. Miaka ile watu wa aina yake walikuwa wengi pwani yetu, wakitafuta kilichomo chini ya ardhi kwa mashine na kelele. Huyu alikuwa na kamera kubwa yenye miguu mitatu tu, na alichokitaka kilikuwa wazi mbele ya kila mtu. Alitaka kulipiga picha Genge. Kijiji kilicheka. "Kwani mawe yana harusi?" mama mkubwa aliuliza. Dada Mawe akacheka naye, akaeleza kwamba ukuta ule ni historia iliyopangwa kwa tabaka: chini kabisa ni matumbawe, yaliyokuwa hai baharini zamani ambayo hata babu wa babu hakuiona, juu yake mchanga ulioletwa na mto, juu yake tena udongo mwekundu ulioshika mizizi ya mikorosho yetu. Bahari inalila Genge kidogo kidogo, alisema, na kabla halijaisha anataka kila tabaka liwe na picha yake.

Mimi nilimfuata tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sijaona mtu mwenye subira ya namna ile na kitu kisichojibu. Alitaka asubuhi, jua likiwa bado chini, na alitaka asubuhi hiyo iangukie maji yaliyokupwa, ili mguu wa Genge uwe mkavu. Jua lilikuja kwa ubavu wa ukuta, na hapo kila mfuo, kila tundu, kila ganda la kombe lililokwama ndani ya jiwe likajitokeza na kivuli chake. Mchana hakupiga kabisa. Mchana, alisema, jiwe linakuwa bapa utadhani limepigwa pasi. Wakati mwingine alikunja mizizi iliyoning'inia akaifunga kando kwa kamba, isifunike mstari fulani mwembamba mweupe, kisha akarudi nyuma, akatazama, akaenda kufunga mwingine. Nilipita mbele ya Genge lile kila siku ya maisha yangu nikitafuta kaa. Sikujua lina mistari.

Siku moja akasema anahitaji mtu. "Picha ya jiwe bila kitu kando yake ni uongo," alituambia watoto tuliomzunguka. "Aliye mbali hawezi kujua kama hili ni genge au ni kokoto." Kwa vitu vidogo, tundu au ganda, aliegemeza nyundo yake, nyundo ile ikawa kipimo. Kwa Genge zima nyundo haitoshi. Anataka mtu asimame chini ya ukuta. Kisha akaongeza neno ambalo hakujua uzito wake. Alisema atakayesimama, yeye akienda mjini kusafisha picha, atamletea moja iwe yake. Sikusikia tena kilichofuata. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki wakavu aliyevuka mto mara kwa mara na aliyejua baba alipo. Picha ingewekwa mfukoni mwake ikavuka, na baba angeniona. Angejua nina macho ya mama, na nina kidevu ambacho mama anasema ni cha kwake yeye.

Mimi ndiye niliyejaribiwa kwanza. Hilo watu hulisahau, lakini mimi silisahau. Nilikimbia nyumbani nikapaka mafuta uso mpaka ukang'aa, nikavaa gauni la Idi lililonibana, nikarudi nikasimama chini ya Genge na kuitazama kamera kwa meno yote. Dada Mawe akasema, "Geukia jiwe." Nikageuka, kisha shingo yangu ikarudi yenyewe, kwa sababu baba atafanya nini na kisogo? "Tulia hapo." Nikatulia, inzi akanijia, nikampiga. Nikavuta gauni. Nikachungulia kama ameshapiga. Alijaribu, nakubali alijaribu, akiinama na kuinuka nyuma ya kamera yake huku jua likipanda na vivuli vikimkimbia. Mwishowe akaja akanishika bega. "Zuhura, wewe una uso mwingi, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Mimi nataka kipimo tu."

Somoe alikuwa amekaa juu ya jiwe akila bibo, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni, hana habari. Dada Mawe akamwita yeye. Somoe akaosha mikono baharini, akaenda akasimama. Hakuuliza kitu. Aliligeukia jiwe, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa unyagoni, akauweka mkono mmoja nyuma ya kiuno, tabia yake mwenyewe ambayo hata kungwi alishindwa kuivunja, akaegemea mguu mmoja na kutulia. Kwenye ukuta wa Genge kuna mstari wa chaza, pale maji yanapofika yakijaa sana. Wamegandamana jiwe zima, mstari mweupe wenye makali. Utosi wa Somoe ulifika sawasawa kwenye mstari ule. Kamera ikalia. Ikalia tena. Dada Mawe akasema kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, "Ndivyo hivyo." Mimi nikasimama pale na mafuta yangu usoni.

Habari zilipofika nyumbani kwamba Somoe anapigwa picha, mama mkubwa alizipokea kama ngoma nyingine ya kumtoa mwanawe. Asubuhi iliyofuata Somoe alishuka Genge na poda shingoni, hereni, shanga, na mwavuli. Dada Mawe akashika kichwa. Akaomba mtoto avae nguo ya jana, nguo ya kawaida tu, wala rangi isiwe kali. Mama mkubwa akamjibu kwa heshima zote kwamba binti wa nyumba yake hawezi kupigwa picha mara mbili na nguo moja, watu watasemaje. Mgeni akaridhika mwavuli tu ufungwe. Lakini mama mkubwa alipoona kwa macho yake kwamba mtoto anasimamishwa akielekea ukutani, akashangaa. "Anapigwa mgongo? Mgongo una nini?" Hakupewa jibu la kumtosha, basi akauhamishia mgongoni urembo wote. Kesho yake alimtanda Somoe kanga mpya mabegani, maandishi yakiwa nyuma, yamenyooka, yasomeke. Yaliandikwa: Hasidi hana sababu. Nikayasoma asubuhi nzima, herufi kwa herufi, nimekaa mchangani nimekumbatia magoti. Uongo mtupu. Mimi sababu nilikuwa nayo.

Siku zile zilikuwa ndefu. Sikula vizuri, na ugali wa muhogo niliokuwa nikigombania ukoko wake nikauachia wengine. Niliomba mvua. Niliomba Genge lianguke, si juu ya Somoe, la, lianguke tu kabla hajafika. Tukiwa kisimani nikamwambia, "Unajiona. Wewe na nyundo ni kitu kimoja." Somoe akafikiri, kisha akasema, "Nyundo haivai hereni," akajitwika ndoo yake akaenda. Mama alikuwa akiniona. Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, mumewe aliondoka na sehemu kubwa ya maneno yake. Jioni moja alinisogezea sahani, akaniambia, "Zuhura, wivu haushibishi. Kula." Nikala nikilia, na yeye akatazama pembeni ili nilie vizuri.

Dada Mawe akaenda mjini, akarudi kuaga, na picha akaileta kama alivyoahidi. Ilikuwa kubwa kuliko picha tulizozizoea, ya kushikwa kwa mikono miwili. Ua mzima ulikusanyika. Mama mkubwa aliipokea, akaitazama, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Genge lilijaa humo lote, kuanzia mchanga mpaka mikorosho, kila mfuo mahali pake, zuri sana. Niseme kweli, zuri kuliko lenyewe. Na chini, pembeni, palikuwa na kitu kidogo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hicho kilikuwa Somoe. Poda haikuonekana, hereni hazikuonekana, maandishi ya kanga yalikuwa vumbi. Mama mkubwa akaigeuza picha nyuma, kuona kama uso uko upande wa pili. "Hii si picha ya mtu," akasema mwishowe. "Hii ni picha ya Genge." Dada Mawe akasema, "Ndiyo, mama," kwa aibu kidogo, ingawa hakuwahi kulificha hilo. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Furaha ile nilikuwa naisikia ulimini.

Haikudumu. Kabla ya magharibi Somoe alinikuta nafagia chini ya mkorosho, akanipa picha ile. "Mtumie baba yako," akasema. "Mwambie ni wewe." Nikamwambia si mimi. Akanitazama kama vile mimi ndiye mdogo. "Nani atajua? Mgongo hauna jina." Nilitamani nimtupie ufagio. Kutoa ni rahisi kwa aliyejaliwa. Yeye baba yake alikuwa pale pale nyuma ya nyumba, anakohoa. Lakini niliipokea. Nikampelekea mama, nikamweleza, naye akaishika muda mrefu akiwa ameketi kizingitini. Nadhani hakuwa akimtazama Somoe. Alikuwa akilitazama Genge, na chaza. "Ipelekwe," akasema. "Kuliko kukosa kabisa." Mfanyabiashara wa samaki akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaondoka nayo.

Mvua zikanyesha, mihogo ikapandwa, na sikuwa na kingine moyoni. Nilijifunza kutulia. Nilisimama nyuma ya choo nikiangalia ukuta wa udongo, kichwa chini, mkono kiunoni, nione kama naweza kufanana na yule ambaye baba anamwona. Kisha mfanyabiashara akarudi na kifurushi, na neno la baba amelibeba kichwani, akalitoa mbele yetu kama alivyopewa. Baba amesema: nimemwona mwanangu. Genge lile nalijua, nimevunja chaza pale ujana wangu wote. Mstari wa chaza unanifika hapa. Mfanyabiashara akagusa kifua chake. Kwa hiyo najua sasa mwanangu ananifika hapa. Basi nimekwenda kwa fundi nikamwonyesha kifua changu, nikamwambia shona. Mama akafungua kifurushi. Lilikuwa gauni la manjano, lenye mikono ya puto na marinda yaliyoshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Leo, mimi fundi, nathubutu kusema hivyo. Ndiyo nguo yangu ya kutolewa. Mama akaziba mdomo kwa kanga.

Halikupita mabegani. Mama mkubwa alivuta, mama alivuta, nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, nikainua mikono, nikageuzwa. Lilipolazimishwa kushuka, mshono wa kwapa ukalia, na pindo likaishia juu kabisa ya magoti. Wakanivua. Kisha mama mkubwa akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayejaribu mfuniko wa chungu, "Hebu mvalisheni Somoe." Likateremka lenyewe. Mabega yakakaa, kiuno kikakaa, marinda yakaangukia pale yanapotakiwa. "Utadhani amepimwa," akasema jirani mmoja aliyekuwa ameketi nasi, na kweli alikuwa amepimwa. Dada Mawe alilipima Genge kwa Somoe. Baba akampima Somoe kwa Genge. Mimi sikuwemo.

Nilichezwa msimu uliofuata, nikatolewa na kitenge cha mama kilichokatwa na kushonwa upya. Ngoma ilikuwa nzuri, wanasema. Mimi sijui, mwali hainui uso. Nilisimama pale nilipowekwa, macho mchangani, na nilitulia kiasi kwamba kungwi alinisifu mbele za watu. Kina Somoe walicheza mbele yangu kunipongeza. Nilichokiona siku yangu ya kutolewa ni pindo la gauni la manjano likipita, likirudi, likipita tena.

Miaka mingi baadaye, sote tukiwa tumeolewa na kuzaa, baba alirudi. Alivuka kwa pantoni, akapanda bodaboda, akafika kijijini saa ya mchana pasipo taarifa. Tulikuwa tumekusanyika kwa mama mkubwa kwa ajili ya hitima ya baba yake Somoe. Mimi nimekaa mkekani nachambua mchele na wanawake wengine, Somoe amesimama mekoni akiangalia vyungu, ametupa mgongo njiani, mkono mmoja nyuma ya kiuno, kaegemea mguu mmoja. Mzee mmoja mwembamba akapiga hodi, akaweka begi chini. Hakututazama sisi wa mkekani. Alitembea moja kwa moja mpaka mekoni, akasimama nyuma ya Somoe, akauita ule mgongo kwa jina langu. "Zuhura," akasema. "Zuhura mwanangu."

Somoe akageuka. Alimtambua kabla yetu sote, sijui kwa nini, pengine kwa kidevu. "Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Mimi Somoe. Zuhura yule pale." Baba akageuka, nami nikaanza kuinuka mkekani, na nikaendelea kuinuka, maana nimemzidi kimo. Punje za mchele zikadondoka kutoka kwenye nguo yangu. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, mpaka ikabidi ainue kidevu chake. Alikuwa amekuja na maneno yake, bila shaka, ameyapanga njia nzima. Yakawa yameshatumika mahali pengine. Akatafuta jingine. "Lile gauni," akasema, "lilikutosha?" Wanawake wote wakaangalia mchele. Gauni lile Somoe alilivaa Idi baada ya Idi mpaka likachanika makwapani, na marinda yake yakaishia kuwa kata ya kichwani ya kujitwikia maji. Nikasema, "Lilinitosha, baba." Somoe akageukia chungu akakikoroga, na hakikuhitaji kukorogwa.

Mama aliishi naye kidogo kabla hajafariki, Mungu amrehemu, na sasa baba anakaa kwangu hapa Ufukoni. Picha ile alirudi nayo ndani ya begi, katika mfuko uleule wa nailoni, imekunjika pembe moja. Iko ukutani juu ya cherehani yangu, kwa sababu hapo ndipo macho yake yanapoiona vizuri. Mteja hawezi kuchukua suruali yake bila kuonyeshwa. "Huyu ni Zuhura wangu, enzi hizo ananifika hapa," husema, na kugusa kifua. Nina simu iliyojaa picha zangu: nimecheka, nimevaa, nimebeba wajukuu wake. Nikimpa azitazame anasema nzuri, nzuri, na kunirudishia. Akipenda chongo huita kengeza, na baba yangu amependa kisogo. Somoe anakaa Naliendele na mumewe, huja Ijumaa na mihogo yake, anakaa chini ya mgongo wake mwenyewe akimenya, na baba humsimulia habari za picha ile kama vile hakuwepo. "Alikuwa mzuri, baba mdogo," Somoe humjibu. Nami kanyagio la cherehani hulikanyaga kwa nguvu wasinisikie ninavyopumua.

Msimu huu wa mabibo nilichoka. Nikamchukua binti yangu na simu yake, tukaenda kijijini, tukangoja asubuhi ya maji kupwa. Genge si lile. Dada Mawe alisema kweli, bahari inakula. Mikorosho ya ukingoni imeshaanguka, na mchanga tuliokuwa tukisimama juu yake umechukuliwa kina cha kiuno, pamebaki jiwe tupu lenye utelezi. Lakini kipande kile cha ukuta kipo, na chaza wapo kwenye mstari wao uleule. Nilishuka nikasimama pale pale. Nikaligeukia jiwe, nikainamisha kichwa, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mguu mmoja. Inzi akaja akanitua shavuni, nikamwacha. Binti yangu alirudi nyuma mpaka Genge lote likaingia, jua likiwa bado kwa ubavu, akapiga. Nilijua ni picha nzuri kabla sijaiona.

Jioni, Somoe akiwa amekaa na mihogo yake, nilimpa baba simu. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akailinganisha na ya ukutani, akarudia. Kidole chake kilifuata mstari wa chaza mpaka kilipofika kwangu. Mimi niliyesimama chini kwa kuwa mchanga haupo, utosi wangu haukuwa umeufikia mstari. Ulibaki mbali chini yake. "Huyu nani?" akauliza. Nikamwambia, "Mimi, baba." Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunjia mwenzake heshima. "Huyu mfupi," akasema. "Zuhura alifika kwenye chaza." Somoe akaacha kumenya. Baba akanirudishia simu, akainua macho ukutani, kumtazama mwanawe.